Kirukanjia Hakuuawa na Njia

Tumelelewa na imani kwamba kirukanjia akivuka njia, anakufa. Ni kale kamnyama kama panya, pua ndefu, macho madogo. Asubuhi unamkuta katikati ya kijia, amekufa, mwili mzima, hajaliwa. Wazee wakaamua: njia imemuua. Kisha jina likahamia kwa wanawake. Mwanamke wa kutembea tembea ni kirukanjia. Fungua kamusi uone, maana zote mbili ziko hapo, zimepanga chumba kimoja.

Sasa sikia. Kirukanjia ana tezi ubavuni zinazotoa harufu kali. Paka anamkamata, anamng'ata, anaonja, anamtupa. Kwa hivyo ile maiti ina muuaji, ni vile tu ameshaenda zake. Na kutembea lazima atembee: mwili wake unachoma chakula haraka sana, akikosa wadudu kwa saa chache tu anaweza kufa. Angekaa ndani, angekufa pia.

Linganisha na hamsta wa mwituni kule Alsace, Ufaransa, mnyama wa kubeba chakula mashavuni akaweke akiba. Alipoanza kuisha mashambani, kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2011 ikaamua kwamba Ufaransa haijamlinda vya kutosha. Serikali nzima, manze, kwa ajili ya hamsta! Halafu watafiti wakagundua hamsta mama waliolishwa mahindi walikuwa wanakula watoto wao. Hawakusema mama wa siku hizi wameharibika. Waliangalia chakula, wakapata kimekosa vitamini B3. Walipoiongeza, mama wakalea.

Sisi je? Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabara za Nairobi kupinga kuuawa. Na mtandaoni wasee wanauliza: alienda Airbnb kufanya nini? Saa hizo alikuwa nje kwa nini? Ni ile hesabu ya maiti na njia, imehamia tu kwa simu.

Kuna mwalimu wa Kiswahili atasema natukana urithi. Mwalimu, kamusi ibaki ilivyo, sijaigusa. Ugomvi wangu ni na yule chali anayeandika "virukanjia wamezidi" chini ya picha ya msichana aliyezikwa jana. Huyo anajua marehemu alivaa nini, alilala wapi, alitumiwa pesa ngapi. Muulize jina la aliyemuua, hana habari.