Nyota Haikushika Panga



Siku hizi katika mji wetu wa Bunia picha mbili zinapita kutoka simu hadi simu. Ya kwanza ni ya mfupa mdogo wenye mikato uliookotwa Ishango. Ya pili ni ya kurasa za kitabu cha kale cha Ulaya, zenye samaki, kondoo na ng'ombe waliozungukwa na nyota. Chini ya picha hizo huandikwa maneno ya namna moja: kwamba wahenga waliijua siri ya nyota, kwamba kila mtu amezaliwa na maandishi yake angani, na kwamba yuko mtaalamu, mwenye namba ya simu, awezaye kumsomea. Sisi makatekista tumeulizwa habari hizo na vijana wa kipaimara, na hata na wazazi wao. Hatutaki kujibu kwa kukemea tu. Tutaeleza kwanza vitu hivyo ni nini, kisha tutasema kwa nini tunaupinga uongo unaojengwa juu yake.

Tuanze na kitabu. Kinaitwa Hati ya Voynich, kwa jina la mfanyabiashara wa vitabu, Wilfrid Voynich, aliyekinunua mwaka 1912 kutoka kwa Wayesuiti nchini Italia. Leo kimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ngozi zake zilipimwa mwaka 2009, zikaonekana kuwa za kati ya mwaka 1404 na 1438. Kimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyethibitika kuzisoma, ingawa wengi wametangaza kuwa wamezisoma. Ndani yake mna kurasa za buruji. Zinaanza na Samaki, na hapo mkono fulani umeandika, kwa herufi za Kilatini, jina la mwezi wa Machi. Kisha Kondoo na Aprili, Ng'ombe na Mei, na kuendelea. Mbuzi na Ndoo hawamo. Katika kurasa hizo tunachoweza kusoma ni majina ya miezi. Hakuna mtu hata mmoja anayetajiwa bahati yake.

Mfupa wa Ishango unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni wa nyumbani. Uliokotwa mwaka 1950 na mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mto huohuo unaoshuka upande wa Boga na kuingia Ziwa Albert. Urefu wake ni kama sentimita 10, na katika ncha yake limepachikwa jiwe dogo la kwatsi. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Umetunzwa Brussels. Mikato yake imepangwa kwa safu tatu: mbili zina mikato 60 kila moja, na ya tatu ina 48, jumla 168. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, kwa kuwa safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mmarekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi, ya muda wa karibu miezi sita. Claudia Zaslavsky akauliza kama aliyeuchonga hakuwa mwanamke aliyekuwa akizihesabu siku zake. Wengine husema mikato ilisaidia tu mkono usiteleze.

Tazameni sasa tofauti. Wataalamu hao wanabishana, lakini kila mmoja anaonyesha hesabu yake ili mwenzake aikague. Sisi tuliosomea ualimu tunajua uzito wa jambo hilo: mwanafunzi anayeandika jibu bila kuonyesha njia hajatuthibitishia kitu. Mnajimu wa simu haonyeshi njia. Anauchukua ukimya wa mfupa na ukimya wa kitabu, anautia maneno yake mwenyewe, kisha anadai malipo.

Kuhesabu siku si kupiga ramli. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya kwanza, kinaipa mianga ya angani kazi ya kupambanua majira, siku na miaka. Hakiipi kazi ya kumwandikia mtu maisha yake. Kanisa lenyewe huutazama mwezi: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Na hesabu ilipokuwa imepotoka, Papa Gregori XIII aliirekebisha mwaka 1582, hata siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba ikawa tarehe 15. Kalenda ni chombo cha kazi na cha sala, nasi twaweza kukirekebisha kinapokosea.

Unajimu, kinyume chake, haukubali kurekebishwa. Buruji zilipewa tarehe zake yapata miaka 2,000 iliyopita. Tangu hapo mhimili wa dunia umekuwa ukigeuka polepole, na leo, tarehe 21 Machi, mnajimu anapotangaza kuwa jua limeingia Kondoo, jua kwa kweli liko mbele ya nyota za Samaki. Naye Mtakatifu Augustino, aliyewahi kuwasikiliza wanajimu katika ujana wake, anasimulia katika Maungamo, kitabu cha saba, habari za watoto wawili waliozaliwa saa ileile, mmoja mwana wa bwana, mwingine mwana wa mtumwa. Nyota zao zilikuwa zilezile, na maisha yao hayakufanana hata kidogo. Mama yeyote wa mapacha hapa Ituri angeweza kutufundisha hilo.

Mtatuambia: ni mchezo tu wa vijana. Laiti ungekuwa mchezo! Tumekutana na mama mkimbizi kutoka Djugu aliyetoa pesa ya unga ili nyota ya mtoto wake isafishwe, kwa sababu aliambiwa kuwa nyota hiyo ndiyo iliyomletea baba kifo. Pimeni maneno hayo. Mtoto amebebeshwa damu ya baba yake, na aliyemwua ameondolewa hatia. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, waliuawa watu zaidi ya 60, waliokuwa wamekwisha kukimbia makwao. Je, wote walizaliwa chini ya buruji moja? Waliuawa na watu wenye mikono na dhamiri, watu walioweza kutenda vingine. Nyota haikushika panga.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Kama yote yalikwisha kuandikwa angani, basi katika Ituri hakuna wa kuhukumiwa, hakuna wa kutubu, wala hakuna wa kuombwa msamaha. Fundisho hilo humfariji mwuaji kuliko mjane. Katekisimu ya Kanisa, namba 2116, inapozikataa ramli na utabiri wa nyota, hailindi sheria kavu. Inalinda uhuru wa binadamu, ambao bila huo haki ni neno tupu.

Basi, wazazi, mfupa wa Ishango usiachiwe matapeli. Wafundisheni watoto kwamba katika bonde la Semliki waliishi wavuvi waliochonga vyusa vya mifupa, na kwamba mmoja wao alikata alama kwa mpango ambao wasomi wa dunia wanauchunguza hadi leo. Nanyi vijana, mkiletewa picha yenye siri ya nyota, mwambieni aliyeileta aonyeshe hesabu yake.

Mtunga Zaburi ya 90 anaomba kufundishwa kuzihesabu siku. Haombi kuzisoma kabla hazijafika. Nasi tuzihesabu. Kila shirika liwe na daftari lake, na ndani yake waandikwe marehemu wetu waliouawa: jina, kijiji na tarehe. Hiyo ndiyo kalenda tunayodaiwa. Siku haki itakapouliza, daftari hilo litakuwa na la kujibu.