Waraka kwa Wanachama: Someni Tangazo Kabla ya Kupanda Basi



Kila inaposikika kwamba gavana fulani ataita bunge la jimbo lake katika kikao maalumu, simu za makatibu wa matawi hazipumziki. Swali huwa lile lile: muswada wetu wa kubeba silaha uliokwama, je, sasa utapita? Wengine huanza kuchangishana nauli ya kwenda makao makuu ya jimbo kabla ya kuuliza kikao kimeitwa kwa ajili gani. Ninawaomba jambo moja. Someni kwanza tangazo la gavana, hasa sehemu inayotaja mada. Katika majimbo mengi muswada ambao mada yake haimo humo hauna pa kupita, hata wabunge wakiupenda na hata roshani ya wageni ikijaa watu wetu.

Chukueni Texas, ambako tuna wanachama wengi. Kikao cha kawaida hukaa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili. Kikao maalumu hakizidi siku 30, na ni gavana peke yake anayekiita na kupanga kitakachozungumzwa. Muswada uliofia kamatini mwezi Mei haufufuki mwezi Julai kwa sababu wabunge wamerejea Austin. Sharti uwasilishwe upya, upewe namba mpya na uanze safari yake tangu mwanzo. Lakini gavana wa huko anaweza kuongeza mada wakati kikao kinaendelea, kwa hiyo barua ya mwanachama wa Houston iende kwanza ofisini kwa gavana, ndipo aandike ya pili kwa mbunge wake. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea anwani.

Katiba za Tennessee na Louisiana nazo zinalifunga bunge namna hiyo hiyo: likiitwa kwa kikao maalumu, lisiguse shughuli nyingine. Waliokulia Kenya hawatashangaa, maana kikao maalumu cha Bunge kule Nairobi hushughulikia yale tu yaliyotajwa katika notisi ya Spika. Wanaopotoka ni sisi tuliotoka Tanzania, tuliozoea kusikia muswada umepelekwa Dodoma kwa hati ya dharura. Hati ile huharakisha muswada wenyewe. Kikao maalumu cha huku hakiharakishi muswada uliokuwa umesubiri zamu, bali huanzisha foleni nyingine, na mwenye kupanga foleni hiyo ni gavana.

Mtaniambia: mbona Louisiana walifanikiwa? Kweli walifanikiwa, na ningependa kila tawi liijue habari ile kwa urefu wake, maana watu hukumbuka mwisho tu. Mwaka 2021 bunge la Louisiana lilipitisha muswada wa kuruhusu kubeba bastola kwa kificho bila kibali. Gavana wa wakati huo, John Bel Edwards, akaupiga kura ya turufu. Mwezi Julai wabunge wakarudi Baton Rouge katika kikao cha kuipindua turufu hiyo, kikao cha kwanza cha aina yake tangu katiba ya jimbo ya 1974. Zilihitajika kura 26 katika Seneti yenye watu 39. Hazikutimia. Baadhi ya maseneta walioukubali muswada miezi michache kabla walibadilika pale gavana alipokuwa amekwisha kusema hapana. Mwaka 2022 ukajaribiwa tena, ukakwama Senetini. Mwaka 2023 vivyo hivyo.

Oktoba 2023 Jeff Landry akashinda ugavana, akaapishwa Januari 2024, na Februari 19 bunge likaanza kikao maalumu kuhusu uhalifu. Ubebaji wa silaha kwa kificho ulikuwa umetajwa waziwazi katika mwito wake. Muswada ulioletwa na Seneta Blake Miguez ulipita kabla ya mwezi kwisha, ukatiwa saini Machi 5, na sheria ikaanza kutumika Julai 4, kwa mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ambaye hajakatazwa kisheria kumiliki silaha. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kikao kile cha siku chache kilivuna kilichopandwa kwa miaka mitatu kamatini na siku moja kwenye sanduku la kura.

Tennessee mambo yalikwenda kinyume. Machi 27, 2023, watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa katika Shule ya Covenant mjini Nashville. Gavana Bill Lee aliliita bunge mwezi Agosti akitaka, pamoja na mengine, utaratibu wa mahakama kuondoa silaha kwa mtu anayeonekana kuwa hatari. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimkatalia. Kikao kilidumu siku chache tu na kutoa miswada michache midogo, mmojawapo ukihusu kufuli za bunduki zinazogawiwa bure na msamaha wa kodi kwa vifaa vya kuhifadhia silaha. Muswada wa kuwaruhusu walimu kubeba bastola shuleni, uliokuwa umeachwa kiporo katika kikao cha kawaida, haukutoka humo ukiwa sheria. Kwa kuwa Tennessee huvusha miswada kutoka mwaka wa kwanza hadi wa pili wa bunge, ule wa walimu ulisubiri. Ukapita Senetini Aprili 9, 2024, ukapita Baraza la Wawakilishi Aprili 23, na gavana akausaini Ijumaa ya wiki hiyo, Aprili 26. Kikao maalumu hakikuhusika. (Najua tumegawanyika kuhusu sheria hiyo, hasa kwa kuwa wazazi hawaambiwi ni mwalimu gani ana bastola. Tutalijadili mkutanoni, si hapa.)

Lipo jingine ambalo haturuhusiwi kulisahau. Mara nyingi kikao maalumu kuhusu bunduki huitwa baada ya maafa. Wazazi wa Covenant walikuwa mle ukumbini Nashville. Kwenda mahali kama pale na bango la kudai nafuu ya vibali, huku wafiwa wameketi viti vichache mbele yako, ni utovu wa adabu, na tena ni siasa mbovu.

Virginia inapaswa kuwapa somo wanaoshangilia mapema. Baada ya mauaji ya watu 12 mjini Virginia Beach, Mei 31, 2019, Gavana Ralph Northam aliita kikao Julai 9. Wabunge wengi walikuwa wa Republican. Wakakaa kama saa moja na nusu, wakakiahirisha hadi baada ya uchaguzi. Watu wetu walipeana pongezi. Mwezi Novemba Democrats wakatwaa mabaraza yote mawili. Januari 2020 watu wapatao 22,000 walijaa Richmond kupinga, na bado sheria zikapita mwaka huo: ukaguzi wa mnunuzi katika kila mauzo, bastola moja kwa mwezi, na amri za mahakama za kuondoa silaha. Umati wa Januari haukuziba pengo la kura za Novemba.

Na New York? Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Bruen, iliyopanua haki ya kubeba silaha hadharani, Juni 23, 2022. Gavana Kathy Hochul akaita kikao maalumu Juni 30, na Julai 1 akasaini sheria mpya iliyokataza silaha katika orodha ndefu ya maeneo, Times Square na treni za chini ya ardhi zikiwamo. Siku nane tu baada ya ushindi mahakamani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kikao maalumu hutusaidia tu pale gavana mwenyewe anapoutaka muswada na kuutaja kwenye mwito. Asipoutaka, kazi yetu mle ni kulinda tulichonacho na kurudi nyumbani kujiandaa kwa kikao cha kawaida na uchaguzi.

Wenye uraia, jiandikisheni kupiga kura sasa, msingoje tangazo. Wakazi wa kudumu hawapigi kura, lakini wanaweza kuandika barua na kuzungumza mbele ya kamati, nao wafanye hivyo. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo, akumbuke kwamba sheria ya taifa inamkataza kumiliki bunduki isipokuwa katika hali chache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asisimame mbele ya kamera kusimulia habari za bastola yake kabla ya kuonana na wakili.

Matawi yasitoe fedha za nauli mpaka katibu awe na nakala ya tangazo mkononi na awe ameiona mada yetu humo. Atakayelipata la jimbo lake kabla ya wengine, alitume kwa makatibu wote siku hiyo hiyo, pamoja na ukurasa wenye orodha ya mada.

Wenu,
Katibu