Kufungia Msimbo Hakukuiokoa SolarWinds

Hoja kwamba zana huria za kukagua usalama wa programu humpa mshambuliaji ramani ya nyumba huegemezwa kwenye mkasa wa mwaka 2024 wa XZ Utils, zana huria za kubana faili. Wanaoishika wameusoma mkasa huo nusunusu.

Ni kweli, aliyejiita Jia Tan alijijengea imani katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Lakini nani aliunasa mlango huo? Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Akafuatilia hadi kwenye liblzma, maktaba ya XZ Utils, akaitangaza hila hiyo Machi 29. Sehemu moja ya hila haikuwamo kabisa kwenye hazina ya msimbo; ilikuwa tu kwenye furushi lililosambazwa. Kwa kuwa vyote viwili vilikuwa wazi, yeyote aliweza kuvilinganisha.

Na kampuni ya SolarWinds je? Msimbo wa Orion, programu yake ya kusimamia mitandao, ulifichwa. Mwaka 2020 ikabainika kwamba wateja wapatao 18,000 walipokea sasisho lenye sumu, tena likiwa na sahihi halali ya kampuni.

Zana huria za ukaguzi hazinasi kila hila, na anayedai zinanasa zote anapotosha. Lakini zina kazi yake: Syft huorodhesha vipande vilivyomo ndani ya programu na matoleo yake. OSV-Scanner huvilinganisha na hifadhidata ya kasoro zinazojulikana. Siku kasoro inapotangazwa, msimamizi wa seva anajua mara moja kama imemgusa.

Anayetaka ukaguzi ubaki mikononi mwa muuzaji peke yake aseme: wateja wa Orion wangeukagua msimbo huo kwa njia gani?