Chumvi Katika Tofali: Siku Saba Hazitoshi

Visima vya Makutupora, yapata kilomita 30 kaskazini ya Dodoma, vimekuwa vikiupatia mji huo maji tangu miaka ya 1950. Upande wa magharibi, katika bonde la Bahi, maji ya mvua hutuama pasipo njia ya kwenda baharini. Jua huyakausha, na chumvi hubaki ardhini. Nyanda ni zilezile, lakini maji si mamoja. Tofauti hiyo inamhusu kila afyatuaye matofali ya udongo uliochanganywa na saruji.

Matofali hayo yanastahili sifa, kwani hayachomwi kwa kuni. Aghalabu sehemu moja ya saruji hutosha kwa sehemu 10 hadi 20 za udongo. Lakini kwa kuwa saruji ni kidogo, dosari ndogo ya kikemia huleta hasara kubwa.

Saruji ikikutana na maji hufanya gundi ngumu inayoshikamanisha chembe za udongo, na pia hutoa chokaa. Kloraidi kidogo huharakisha kazi hiyo: tofali la siku saba lililofyatuliwa kwa maji ya chumvi laweza hata kulishinda nguvu lile la maji matamu. Hapo ndipo fundi hudanganyika. Salfeti, kwa upande wake, huungana polepole na kalsiamu ya saruji na alumini ya mfinyanzi, zikafanya fuwele mfano wa sindano, ziitwazo etringaiti, zenye maji mengi ndani yake. Tofali lililokwisha kuwa gumu halina nafasi ya kuzipokea; hufura na kupasuka. Mwaka 1986 mhandisi James K. Mitchell wa Marekani alieleza jinsi barabara ya Stewart, mjini Las Vegas, ilivyoharibika kwa namna hiyo, ingawa udongo wake ulikuwa umetiwa chokaa ili kuuimarisha.

Wengine husema kwamba kuonja maji kunatosha. Sivyo. Ulimi hutambua upesi chumvi ya mezani, lakini jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu na huchimbwa Itigi, huuponyoka. Ni kweli kwamba jasi hiyohiyo hutiwa katika saruji kiwandani ili isigande upesi mno. Kinachodhuru ni ziada itokayo katika udongo na maji.

Kwa hiyo haifai kuridhika na kipimo cha siku saba. Matofali ya majaribio yapimwe tena baada ya siku 28 na 90, yakiwa yamelowekwa. Kabla ya hapo, shule yoyote ya sekondari yenye maabara yaweza kuwasaidia majirani zake: maji ya kisima, au maji yaliyochujwa kutoka katika udongo, yatiwe asidi hidrokloriki kidogo, kisha kloraidi ya bariamu. Mashapo meupe ni dalili ya salfeti. Somo hilo wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani. Mkulima aliyeuza mazao yake ili anunue saruji analihitaji zaidi.