Mficha Maradhi Kilio Humuumbua

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, kulikuwa na neno lisilotamkwa. Bibi mzaa mama alipofariki, tuliambiwa ni donda la ziwa. Mama alipofuata, tukaambiwa ni jicho la watu. Dada yangu alipoona uvimbe alinyamaza miezi minane, kwani binti yake alikuwa amekuja kuposwa, naye akichelea wakwe wasije wakasema ukoo huu una maradhi. Arusi ilifana. Mwaka haukutimia tukamzika.

Ndugu wasomaji, stara ni jambo jema. Lakini kumstiri mgonjwa ni mbali, na kumnyima matibabu kwa kuogopa aibu ni mbali.

Wataalamu waliitambua jeni iitwayo BRCA1 mwaka 1994, na BRCA2 mwaka 1995. Mojawapo ikiwa na kasoro, hatari ya kansa ya ziwa na ya mfuko wa mayai huzidi sana. Mzazi aliye nayo, kila mtoto wake, wa kike na wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Si kila kansa ya ziwa ni ya urithi. Ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Na kuirithi kasoro hiyo si kuugua. Mwanamke akijijua, huweza kuanza kuchunguzwa mapema, hata tangu miaka 25, uvimbe ukaonekana ungali mdogo.

Mimi nikidhani haya ni mambo ya wanawake. Kumbe baba naye huweza kuwarithisha binti zake hali yeye haumwi hata kichwa!

Wako watakaosema kwamba yote ni kadari. Naam, ni kadari. Lakini tumefunzwa tumfunge ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali.

Juzi niliwakalisha binti zangu na yule mpwa wangu, nikawatajia waliokufa na umri wao: bibi miaka 52, mama 47, dada 41. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona mama hakuniambia?" Sikuwa na la kumjibu.

Wazee wenzangu, tuwaambie watoto wetu. Daktari naye aelezwe nani aliugua nini, na kwa umri gani. Na mposaji atakayekimbia kwa kuambiwa kweli, naaende zake salama.