Boti ya alumini Hombolo: anza na kitako, siyo injini

Ndugu zangu, wengi mnauliza boti ipi ndogo ya alumini inafaa kuvulia kifamilia kwa bei nafuu. Bwawa letu ni la 1957 na tope linazidi kulijaza, hivyo mimi nasema chukua yenye kitako bapa, inayopita kwenye maji machache. Kasia linatosha, mafuta ya injini yatakula faida ya perege na kambale wako. Ukikuta iliyotumika, kabla hujalipa imwagie maji ndani ikiwa nchi kavu, chungulia chini kama maungio yanavuja. Hela uliyookoa kwenye injini nunua jaketi okozi, moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe saizi yake. Leseni kata mapema. Tubane bei ya boti, siyo uhai.