MGENI AMEPEWA JEMBE, MSHAHARA WAKE UKO WAPI?

Ndugu wanachama,

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Kakuma, katika kaunti ya Turkana, mgeni hakukaa siku tatu, amekaa miaka zaidi ya thelathini. Jembe alikwisha pewa zamani, naye analima kila siku. Leo twataka kusema habari za ujira wa jembe hilo.

Labda ndugu mmoja atauliza, "Sisi watu wa reli tuna shauri gani na kambi ya wakimbizi? Reli yetu upande ule ilijengwa mpaka Kitale, ikaishia hapo." Ni kweli. Lakini mtu akifanya kazi ya mtu mzima na kulipwa sehemu ndogo tu ya malipo yake, hilo ni shauri la kila mfanya kazi. Tena mambo ya Kakuma yafanana sana na yale yaliyowapata baba zetu, nasi tukinyamaza tutakuwa tumesahau upesi mno.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan walipoingia nchini wakikimbia vita, wengi wao hawana baba wala mama. Baadaye wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine. Karibu na hapo pakaanzishwa makao mengine, Kalobeyei. Kufika mwaka 2025 mahali hapo pawili palikuwa na watu wapata 300,000. Huo ni mji mkubwa, nao umewekwa penye jua kali, ambapo mto Tarach hukauka kwa muda mrefu, kisha mvua ikinyesha huja kwa ghafula na kuchukua vibanda vya watu.

Kuuendesha mji kama huo si mchezo, wala hatupendi kuwatukana wale wanaousimamia. Fikirini maji peke yake. Kipimo kinachofuatwa na mashirika ya msaada duniani ni mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku, mfereji mmoja usitumiwe na watu zaidi ya 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 500 kuyafuata maji. Pigeni hesabu. Watu 300,000 wahitaji lita 4,500,000 kila siku, na mifereji 1,200. Maji hayo hutoka katika visima virefu kwa pampu. Pampu ikiharibika asubuhi, jioni watu wagombana penye foleni, na kesho yake watoto waharisha.

Fikirini chakula pia. Kipimo kizima cha mtu ni kalori 2,100 kwa siku. Chakula kitokacho ng'ambo hushushwa Mombasa, kikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000, na kutoka Kitale kwenda juu ni malori matupu, kupita Lodwar. Lori likikwama penye mto uliofurika, si mwenye lori peke yake apataye hasara. Sisi tunaopeleka mizigo twalijua jambo hilo. Mzigo ukichelewa stesheni moja, mtu asiyeonekana huumia stesheni ya mwisho.

Sasa twauliza, kazi hii yote hufanywa na nani? Mgeni akifika Kakuma huona magari meupe yenye bendera, na mabwana na mabibi wenye vitambulisho shingoni. Hao wana kazi yao, na ni kazi ngumu. Lakini atazame mikono. Anayefungua mfereji alfajiri na kupanga foleni ya madebe ni mkimbizi. Anayebeba magunia na kupima chakula siku ya mgawo ni mkimbizi. Anayemfasiria mama mgonjwa mbele ya daktari ni mkimbizi. Anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto waliokonda ni mkimbizi. Anayelinda mitaa usiku ni mkimbizi. Na katika shule za kambi, ambamo darasa moja huweza kuwa na watoto zaidi ya mia, walimu wengi ni wakimbizi. Hao wakikaa nyumbani siku tatu, kambi haitaendeshwa na meneja ye yote, hata awe na elimu namna gani.

Na malipo yao? Hayaitwi mshahara. Huitwa insentivu, yaani kitu cha kumtia mtu moyo. Ni shilingi elfu chache kwa mwezi. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya waweza kufundisha katika shule moja, kwa kengele moja, na mmoja akapata mara kadhaa ya malipo ya mwenzake. Tena mashirika hukaa pamoja na kupatana juu ya kiwango cha insentivu, ili lisiwe shirika moja lenye kuwavuta wafanya kazi wa jingine. Ndugu, waajiri wakikaa meza moja na kupatana kiasi cha kuwalipa watu, sisi twajua jina la jambo hilo. Nao wanaolipwa, je, wana meza yao?

Sababu mbili hutolewa. Ya kwanza, mkimbizi hana ruhusa ya kuajiriwa, kwa hiyo anajitolea tu. Ya pili, mkimbizi hupewa chakula na mahali pa kulala bure, kwa hiyo hahitaji mshahara kamili.

Sababu hii ya pili hasa ndiyo iliyotufanya tuandike. Wazee wa reli na wa bandari waliisikia zamani. Wakati wa ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke. Wakubwa walisema, mke wake na watoto wako rizavu, wana shamba, watakula huko. Basi shamba la mama likalipa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri alipaswa kuitoa. Watu walikaa katika vyumba vya landi, wakala mara moja kwa siku, wakapeleka nyumbani kidogo kilichobaki. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, wa bandari na wa reli pamoja, mji ukasimama. Na mwaka 1954 kamati ya Serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilisema mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja haufai, na kwamba yapasa kufuata mshahara wa kumtunza mtu na jamaa yake. Ilichukua miaka mingi na taabu nyingi kusema jambo ambalo kila mama wa landi alilijua.

Insentivu ni mshahara ule ule wa mtu mwenye shamba rizavu. Tofauti yake ni kwamba shamba la mkimbizi ni kadi ya mgawo. Sasa tazameni yaliyotokea. Mwaka 2025 nchi tajiri zilipunguza fedha za msaada, Marekani ikiwa ya kwanza. Mwezi wa Juni mwaka huo Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Kenya hata ukafika asilimia 28 ya kipimo kizima. Watu walikasirika, yakawapo maandamano Kakuma. Haya, kama mtu alilipwa kidogo kwa sababu chakula ni bure, chakula kikipungua malipo yake yapaswa kupanda. Ndiyo hesabu ya haki. Asiyekubali hesabu hiyo basi aseme wazi kwamba chakula hakikuwa sababu tangu mwanzo.

Sababu ya kwanza nayo imechakaa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, yasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya kujipatia riziki. Lakini sheria ni jambo moja, na karatasi ya kazi mkononi ni jambo jingine. Mtu aliye kambini huhitaji ruhusa ya kutoka, na huhitaji kibali cha kazi, na bila hivyo sheria inakaa kabatini. Baba zetu walivaa kipande shingoni. Hawahitaji kuelezwa jinsi mtu asiyeweza kutoka anavyolazimika kupokea anachopewa.

Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, haikuandika haki za kazi kwa raia peke yao. Yasema kila mtu ana haki ya kutendewa sawa kazini, na kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki, hali nzuri ya kazi, kuingia katika chama cha wafanya kazi, na kugoma. Neno ni "kila". Kumwita mtu mwenye kujitolea, huku ukimwekea saa za kufika, msimamizi juu yake na barua ya onyo akichelewa, hakumwondoi katika neno hilo.

Twajua maneno yatakayosemwa na baadhi ya wanachama. Watasema, "Vijana wetu hawana kazi, na ninyi mwataka kuwapandisha wageni." Hili ni neno zito, hasa kwa Waturkana, ambao nchi ni yao, ukame ni wao, na mara nyingi wameona kazi nzuri za kambi zikichukuliwa na watu waliotoka mbali. Waturkana wana haki ya kulia, nao yafaa wapewe nafasi ya mbele. Lakini fikirini kidogo. Mwajiri akiweza kumpata mwalimu kwa shilingi elfu chache, kwa nini aajiri kijana wa Lodwar kwa mshahara kamili? Si mkimbizi anayemfungia kijana yule mlango. Ni bei ya chini ya mkimbizi. Kiwango kikiwa kimoja, kijana wa Lodwar atashindana kwa ujuzi wake, wala hatashindana na njaa ya mwenziwe.

Wengine watasema, "Fedha hakuna." Hilo nalo lina ukweli. Mwaka 2025 mashirika yalifukuza watu wengi, Wakenya pia. Hatusemi meneja anaficha fedha chini ya godoro. Twasema, fedha zikipungua, hesabu ifunguliwe mezani, na mzigo ushukie mabega yote. Yule aliye chini kabisa asiwe wa kwanza kukatwa kwa sababu tu hana chama cha kumsemea.

Jambo hili lataka haraka. Mwezi wa Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makao ya kudumu, wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali pamoja. Nia hiyo twaikubali. Lakini kambi ikiwa mji, insentivu itakwenda wapi? Isipofutwa mapema itaingia mjini pamoja na watu, na siku moja tutaona shule ya kaunti yenye walimu wa insentivu, na hospitali yenye wauguzi wa insentivu. Kitu kama hicho kikikubaliwa penye joto na vumbi, ambako hapana mtu wa kutazama, hakikai huko. Hushuka na barabara mpaka kwetu.

Basi twashauri hivi:

1. Kila mkimbizi anayefanya kazi kambini apewe mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, wenye saa za kazi, malipo na siku za kupumzika.

2. Akiumia kazini alipwe fidia kama mfanya kazi mwingine ye yote, kwa kufuata Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007.

3. Mashirika yakikutana kupanga viwango, wajumbe wa wafanya kazi, wakimbizi na wenyeji, wawe ndani ya chumba.

4. Mgawo wa chakula ukipunguzwa, malipo yaangaliwe upya mwezi ule ule.

5. Kila atumikaye apewe barua ya utumishi, ili mtu aliyefundisha miaka kumi aweze kuonyesha miaka yake kumi mahali pengine.

6. Serikali itoe vibali vya kazi bila kuzungusha watu, na ofisi ya kuvitoa iwe karibu na wanaovihitaji.

Na sisi tufanye nini? Mkutano wa tawi ujao tuliweke jambo hili katika ajenda. Tuombe makao makuu ya chama yaandike barua kwa vyama vya walimu na vya wauguzi, maana kazi nyingi za kambi ni za wenzao. Tuombe wajumbe wawili waende Kakuma, wasikae ofisini wakinywa chai na meneja, bali wasimame penye mfereji na penye ghala ya mgawo, wawaulize watu habari za kazi yao, kisha warudi watueleze.

Chama chetu hakikuanza na watu wenye nguvu. Kilianza na watu walioambiwa kwamba kidogo kinawatosha, kwa kuwa wana shamba nyumbani. Wale wa Kakuma hawana shamba, na nyumbani hawawezi kurudi. Kazi wanayo. Tuwasaidie iitwe kazi.

Wenu,
Wafanya kazi wenzenu wa reli